Mstari Uliopandishwa kwa Kura

Kamati ya kijiji cha Songambele iliupandisha mstari wa mtumbwi kwa kura zote isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa ya Anatoli Nyandwi, mvushaji, ambaye ndiye aliyeuchora.

Mstari wenyewe ulikuwa wa lami. Anatoli aliupaka ubavuni mwa mtumbwi wa kijiji, mtumbwi mkubwa wa mbao uliovusha watu Mto Ruvubu kwenda ng'ambo, kwenye soko na barabara ya Biharamulo. Maji yakiugusa mstari, alikuwa akisema, hapandi mtu tena hata awe padri. Kati ya mstari na ukingo ilibaki shibiri moja ya mbao kavu, na ilikuwa shibiri hiyo iliyomkera Mwenyekiti Leonidas.

"Ndugu wajumbe," alisema kwenye kikao, "taifa liko vitani, na sisi tuna shibiri nzima ya mbao imekaa bure."

Ilikuwa Februari ya mwaka 1979, na vijiji vyote vilikuwa vikichangia chakula cha wapiganaji. Songambele ilikuwa imetoa magunia ya mahindi na maharage, mikungu ya ndizi, na fahali mmoja mwenye hasira. Pantoni ilikuwa mbali, tena siku hizo ikivusha malori ya jeshi tu, kwa hiyo lori la kuchukua michango lingesimama ng'ambo Jumamosi saa sita mchana pamoja na mgeni rasmi kutoka wilayani, kisha liondoke. Halikuwa na desturi ya kungoja. Kijiji kimoja cha upande wa Ntobeye kilivusha mzigo wake kwa awamu, na awamu ya pili ikakuta vumbi la lori na mgeni ameshaenda kula kwa wengine. Leonidas hakutaka aibu hiyo. Alitaka safari moja: fahali, magunia, ngoma ya akina mama, bendera, na yeye mwenyewe mbele.

Anatoli alisema mtumbwi hautabeba hayo yote. Akaulizwa nani kasema. Akasema mstari. Akaulizwa mstari umechorwa na nani. Hapo wajumbe wakacheka, maana ilionekana wazi kwamba kitu kilichochorwa na mtu mmoja kinaweza kuchorwa upya na kamati. Mzee mmoja aliuliza kama ni mstari utakaopanda au mtumbwi utakaoshuka. Akaelezwa kwamba ni mstari, akaridhika, akanyoosha mkono. Siku iliyofuata Bukuru, mgambo wa kijiji, alikwenda mtoni na kopo la lami akapaka mstari mpya, vidole vinne tu chini ya ukingo. Ule wa zamani aliukwangua kwa panga, na alama ikabaki.

*

Nyumba ya Anatoli ilikuwa ya mwisho katika mstari wa nyumba za kijiji, karibu na matete. Aliishi humo na mkewe Deodata na mama yake mzee, Domisiana, aliyehamishwa na kijiji kutoka kwenye migomba yake na hakuwahi kuisamehe siku hiyo. Kulikuwa na mtoto mmoja, Ildefonce, lakini huyo alikuwa ameondoka na wanamgambo mwezi wa Novemba kwenda kaskazini, na tangu siku hiyo haikufika barua wala salamu.

Anatoli alieleza habari za kikao huku akila. Alieleza kwa kirefu, na katika maelezo yake yeye alizungumza vizuri zaidi kuliko alivyozungumza kikaoni. Domisiana, ambaye Kiswahili alikisikia kwenye mikutano tu, na ulimi wake haukutofautisha herufi mbili fulani, alitaka kujua kwa nini watu wazima wakutane kuupigia kula mtumbwi.

"Kura, mama."

"Ndiyo hiyo. Kula."

Anatoli alingoja mkewe aseme neno. Alitarajia maneno ya kumuunga mkono, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kila alipogombana na watu wa nje. Lakini Deodata alikusanya sahani, akasema mstari uachwe kamati ilipouweka.

"Wewe pia?" Anatoli aliuliza.

"Chakula kile kinakwenda kwa nani? Si kwa Ildefonce? Kama ungejua mtoto wako anakula nini leo, ungeufuta mstari wote."

Anatoli akasema chakula kilichozama hakiliwi na mtoto wa mtu yeyote. Deodata akamuuliza swali ambalo katika miaka yote ya mtumbwi ule hakuna aliyewahi kumuuliza: alijuaje kwamba inatakiwa shibiri moja? Kwa nini si nusu yake? Kwa nini si mbili? Ukweli ni kwamba siku ya kuchora mstari Anatoli alikuwa amechoka kuinama, na pale ndipo mkono wake ulipofika bila kuumiza kiuno. Akatoka nje kunoa panga ambalo lilikuwa kali tayari.

*

Kesho yake Deodata alikwenda duka la kijiji kwa sababu sabuni ilikuwa imeletwa. Alipanga foleni tangu umande haujakauka. Zamu yake ilipofika, muuzaji aliangalia juu ya kichwa chake akasema sabuni imekwisha. Nyuma yake, kwenye rafu, mche mzima ulikuwa umelala bila kujificha.

"Na ile?"

"Ile ina wenyewe. Ni ya familia zinazounga mkono vita."

Deodata alisimama pale na kikapu chake. Wanawake wa nyuma waliangalia miguu yao. Alitaka kusema kwamba yeye alikuwa ameunga mkono vita kwa mtoto wa kiume, mtoto pekee, na kwamba muuzaji mwenyewe alikuwa na vijana wawili wenye afya waliokuwa wakicheza bao wakati huo huo barazani. Lakini alijua kwamba akianza atalia, na hakutaka kulia mbele ya sabuni. Alipisha, na aliyemfuata akapewa vipande viwili haraka haraka kama anayepewa kitu cha wizi.

Akaenda mtoni na nguo zake akafua kwa majivu. Hasira ilimfanya asugue vibaya, akatoboa shati la Anatoli, jambo lililompa nafuu kidogo. Kisha akainua macho akaona mwamba.

Mwamba ule ulikuwa katikati ya mto, mpana, mgongo wake ukiwa chini ya maji. Njia ya mtumbwi ilipita juu yake, kwa sababu upande wa juu kulikuwa na mafunjo yenye viboko, na upande wa chini mkondo ulikuwa mkali. Miaka yote hakuna aliyeujali. Lakini mvua za vuli zilikuwa zimekwisha na za masika hazijaanza, na siku hiyo maji yaliyopita juu ya mwamba yalikuwa yanakunjana, kama shuka juu ya mtu aliyelala. Wiki iliyopita hayakukunjana.

Deodata aliacha nguo kwenye majani akarudi nyumbani kumtafuta mumewe.

"Twende tukapime," alimwambia. "Kama una haki, nijue ni haki gani. Kama huna, ukawaombe radhi tupate sabuni."

*

Walipima mchana wa siku iliyofuata, mbele ya watu, kwa sababu katika kijiji chenye nyumba zilizopangwa mstari hakuna kinachofanyika bila watu. Bonifasia, kiongozi wa ngoma ya akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti iliyosikika hadi kigango cha jirani, alikuja na wenzake wote. Walikuwa na haki ya kujua watakaa wapi Jumamosi. Wakaingia mtumbwini kwenye maji ya kiuno, Anatoli akaongeza mawe kufidia fahali na magunia, mpaka maji yakafika mstari mpya wa kamati.

Vidole vinne vilibaki. Na mstari haukuwa mbaya, Anatoli mwenyewe alilazimika kukiri moyoni. Mtumbwi ulitulia kabisa. Bonifasia alisema ni kama kukaa kanisani. Deodata alimwangalia mumewe kwa jicho ambalo mwanamume aliyeoa analifahamu.

Kisha akamwomba Bonifasia acheze.

"Hapa?"

"Jumamosi si utacheza? Mwenyekiti anataka ngoma ifike ikilia."

Bonifasia alisimama, akatikisa bega la kulia. Alipotikisa la kushoto Ruvubu iliingia mtumbwini bila kubisha hodi, wanawake wote wakawa wamekaa ndani ya maji hadi kiunoni, na ngoma moja ikaelea kuelekea maporomoko ya Rusumo. Hakuna aliyeumia kwa kuwa chini palikuwa na mchanga. Walicheka sana, isipokuwa mwenye ngoma.

Walipomaliza kukumba maji, Deodata na Anatoli walikaa ukingoni wakalipanga jambo lile kama watu wanaogawana shamba. Vidole vinne vingetosha, Anatoli alisema, kama wote wangekuwa magunia. Gunia halisalimii, halishtuki, halisikii nzi. Lakini ng'ombe akitupa kichwa anataka vidole vyake viwili. Mawimbi ya katikati ya mto yanataka vyao. Mtu akisimama ghafla, naye vyake. Na mtumbwi ukinywa maji kidogo unakuwa mzito, kwa hiyo unashuka, kwa hiyo unakunywa tena. Walikuwa wakihesabu kwa kuweka vidole kwenye ubao, cha huyu na cha yule, na walipomaliza, mkono wa Anatoli ulikuwa umenyooka kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Shibiri.

Alifurahi mno. Aliinuka akaanza kuwatangazia watu kwamba mstari wake ulikuwa wa kisayansi tangu mwanzo.

"Keti," Deodata alimwambia. "Hujamaliza. Huo ni upande wa juu."

Akamwonyesha mwamba. Anatoli akasema mwamba ule haujawahi kugusa kitu. Deodata akamuuliza kama alifikiri kamati ilipopandisha mstari, tumbo la mtumbwi lilibaki mahali pake. Kadiri mstari unavyopanda huku, tumbo linashuka kule, kipimo kile kile. Alikuwa ameliona jambo hilo wakati akifua.

Walikwenda na mtumbwi mtupu hadi juu ya mwamba, Deodata ameshika ukingo kwa mikono yote miwili kwa maana hakujua kuogelea, na Anatoli akazamisha ufito. Akaweka alama ya tope, akaja kuilinganisha na kina cha mtumbwi uliojaa. Kwa mstari wa kamati, kati ya tumbo na jiwe pangebaki upana wa kiganja, mtumbwi ukiwa umetulia. Ukiinama upande, hapabaki kitu. Na hiyo ilikuwa leo. Hadi Jumamosi maji yangeshuka zaidi. Hata kwa mstari wake mwenyewe, ule wa kisayansi, isingekuwa salama sana.

Anatoli aliushika ufito muda mrefu.

"Miaka yote nilikuwa naangalia juu tu," alisema.

Deodata hakumcheka. Alisema inatakiwa shibiri juu na shibiri chini, na kwa mto ulivyo, maana yake ni safari mbili, ya kwanza asubuhi mapema kabla lori halijafika. Basi. Haikuwa habari ngumu.

*

Walikwenda kwa mwenyekiti pamoja. Leonidas hakuwa mtu mbaya; aliwakaribisha, akawapa viti, akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekonda usoni tangu mwaka mpya. Wilaya ilimwandikia kila wiki, na kila barua ilikuwa na neno "mara moja".

"Ninyi mmepima maji," alisema. "Mimi napimwa na watu."

Deodata alieleza habari ya safari mbili. Leonidas akasema mizigo ikitangulia ikalala ng'ambo bila sherehe, mgeni ataonyeshwa magunia yaliyokaa kando ya barabara kama mali ya mchuuzi, na hataandika chochote. Isitoshe, jambo lilikuwa limepigiwa kura. Azimio la kamati hutenguliwa na kikao kingine, na kikao kingine kilikuwa wiki ijayo. Deodata alisema wiki ijayo maazimio yatakuwa yamezama. Mwenyekiti akainuka, akawasindikiza hadi mlangoni, na pale mlangoni akamwambia Anatoli, kwa upole, kwamba Jumamosi asihangaike. Kasia atashika Bukuru.

Bukuru alikuwa kijana mwenye nguvu na buti. Mto aliujua kama mtu anavyojua chungu cha jirani: kwa harufu.

*

Jumamosi jua lilikuwa kali na maji yalikuwa yameshuka, kama ilivyotazamiwa. Mgeni rasmi na lori lake walionekana ng'ambo mapema kuliko ahadi, na hilo lilimtia Leonidas wazimu. Alikuwa amevaa suti ya kiongozi, ya kijivu, mikono mifupi, na viatu vilivyopakwa mafuta ya kula. Fahali alifungwa miguu akalazwa katikati kwenye majani ya migomba, magunia yakapangwa mbele na nyuma, ndizi juu ya magunia. Kisha akaita ngoma.

Akina mama hawakupanda. Walisimama kwenye mchanga na ngoma zao, Bonifasia mbele, wakasema wataimbia pale pale. Sauti juu ya maji inafika. Leonidas alisema wataandikwa majina. Bonifasia akasema aandike, na kama hajui tahajia ya jina lake atamsaidia. Deodata alikuwa amepita nyumba kwa nyumba siku mbili hizo, lakini hakuhitaji kusema mengi. Wote walikuwa wamekaa ndani ya maji hadi kiunoni.

Uzito wao ulipokosekana, maji yalibaki chini kidogo ya mstari wa kamati. Deodata alipima kwa macho: vidole sita, labda. Haikutosha. Lakini lori lilikuwa pale, na watu wake walishaanza kuangalia saa.

Hapo Anatoli aliingia mtoni na nguo zake, akanyoosha mkono, Bukuru akampa kasia bila kubishana. Wengine walisema baadaye kwamba alimpa kwa furaha. Leonidas aliona, akaamua kutoona.

"Baba Ildefonce," Deodata aliita. "Nani atakuonyesha mwamba?"

Anatoli akasema anaujua mwamba. Deodata akasema ameujua tangu Jumatano. Akachukua ufito, akamwambia Bukuru ashuke apate nafasi, na Bukuru akashuka kwa hiari, hiari ya haraka. Mama asiyejua kuogelea alipanda mtumbwi uliozidi mzigo akakaa mbele kabisa, kwenye mkungu wa ndizi. Domisiana, aliyeletwa mtoni kuona sherehe, aligeuka akaangalia kilima.

Walikwenda vizuri. Anatoli alipiga kasia taratibu kama anayekoroga uji, na Deodata alikuwa akizamisha ufito na kusema: bado, bado. Nyuma yao ngoma ililia. Ng'ambo mgeni rasmi alisogea majini akakinga jua kwa mkono.

Leonidas alimwona. Alikuwa ameahidi kukaa, na alikuwa amekaa, lakini mtu aliyengoja siku ile tangu mwaka mpya hawezi kufika amekaa kama gunia. Akasimama akapeperusha bendera.

Mtumbwi ukainama. Fahali akatupa kichwa. Maji yakaingia upande wa juu, mengi, ya baridi, na wakati huo huo chini yao kukasikika mlio mrefu wa mbao juu ya jiwe, na mtumbwi ukasimama. Mkondo ukaanza kuusukuma ubavuni, na ukingo uliokuwa na vidole sita ukawa na kimoja.

Anatoli alitupa kasia akaanza kukumba maji kwa kopo. Ngoma zikanyamaza moja moja.

"Mwenyekiti, shuka," alisema.

Leonidas alikuwa amepiga magoti akikumbatia gunia. "Nishuke wapi?"

Deodata alichovya ufito kando ya mtumbwi, ukagota, akamwonyesha ulipolowana. "Ni jiwe, Ndugu Mwenyekiti. Maji ya kiuno."

"Mungu wangu. Mimi?"

"Mimi siyawezi maji, na huyu ndiye anayeendesha. Mmebaki wewe na fahali. Fahali amefungwa miguu."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama anayehesabu. Leonidas aliangalia maji, akaangalia ng'ambo, akaangalia suti yake. Kisha, na hili lazima lisemwe kwa haki yake, alivusha mguu mmoja, halafu mwingine, akashuka akisoma Salamu Maria kwa Kihangaza, lugha ya kwao. Maji yakamfika mkandani. Alikuwa mtu aliyeshiba miaka mingi, na mtumbwi ulipompoteza uliinuka kwenye jiwe kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Deodata akampa ufito aushikilie. Mkondo ukauchukua mtumbwi, Anatoli akadaka kasia, wakaenda.

Kwa hiyo mgeni rasmi alipokea mchango wa Songambele kutoka kwa mvushaji na mkewe, wote wawili wamelowa. Alishika mikono, akahesabu, akamgusa fahali. Kisha akauliza yule mtu katikati ya mto mwenye bendera ni nani.

Anatoli alikuwa na jibu. Alikuwa amelitengeneza tangu kwenye mwamba na lilikuwa jibu zuri sana. Lakini Deodata aliwahi.

"Ni mwenyekiti wetu. Ameshuka majini ili chakula kifike."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Mgeni alivua kofia. Akaomba jina la mwenyekiti, na vijana wa lori wakapiga makofi. Leonidas, aliyekuwa mbali na hasikii kitu, alidhani wanamcheka.

Deodata alimwendea dereva akamuuliza chakula kitafika kwa akina nani. Dereva alisema yeye anafika Biharamulo tu, zaidi ya hapo hajui. Alimwangalia mama yule, akaongeza kwamba bila shaka kinafika.

Walipomrudia Leonidas alikuwa anatetemeka na midomo imebadilika rangi. Walimvuta ndani. Hakuuliza chochote kuhusu fahali. Aliuliza mgeni alisema nini. Deodata alimweleza, pamoja na kofia. Leonidas akakaa wima, na alipofika kwenye mchanga alikuwa tayari mtu aliyeshuka kwa hiari.

*

Hivyo ndivyo alivyoeleza kwenye kikao cha wiki iliyofuata. Alieleza namna alivyoona hatari kabla ya wengine, akaamua. Halafu mwenyewe akapendekeza mstari wa mtumbwi ushushwe hadi ulipokuwa, na uchorwe mwingine chini yake kwa ajili ya miezi ya kiangazi, kwani uzoefu wake binafsi ulimfundisha kwamba mto una upande wa chini. Wajumbe wote walinyoosha mikono. Anatoli alitaka kusema neno, akakumbuka mkewe alivyomwangalia asubuhi, akanyoosha wake.

Sabuni ililetwa nyumbani na muuzaji mwenyewe, imefungwa kwenye gazeti. Deodata aliipokea bila kumkaribisha kiti. Alimwambia asante na kusimama mlangoni mpaka akaondoka.

*

Vita vilikwisha. Watu walianza kurudi kidogo kidogo, na wengine hawakurudi. Kwenye barua za wilaya neno "mara moja" liliendelea.

Siku moja ya Septemba, mto ukiwa chini kuliko watu walivyowahi kuuona, Deodata alikuwa anarudi kutoka sokoni ng'ambo. Mtumbwi ulikuwa umejaa kwa mstari wa kiangazi, yaani watu wachache tu na vikapu vyao, na Anatoli alikuwa ameshausukuma, mguu mmoja majini. Akatokea kijana barabarani anakimbia, begi mgongoni, suruali ya jeshi imekatwa magotini. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba wa kwanza kumtambua hakuwa mama yake, alikuwa Bonifasia, aliyekaa nyuma na kuku wawili.

Anatoli alisimama mle majini. Aliangalia mwanawe, akaangalia ubavu wa mtumbwi. Maji yalikuwa kwenye mstari barabara, si chini si juu. Watu wote walikuwa wanamtazama. Mmoja alisema ni mtu mmoja tu, tena mwembamba, kwa leo.

"Umejaa," Anatoli alisema. "Ngoja, mwanangu. Nakuja kukuchukua."

Ildefonce akacheka, akiwa bado anahema. Alidhani baba yake anatania.

Deodata alikuwa ameshainuka. Alishuka majini na kanga yake na kikapu chake, akatembea hadi kwenye mchanga. Bonifasia akamwita kijana apande basi, nafasi imepatikana. Deodata akamshika mkono, akasema hapandi. Aende yeye na mama yake abaki? Waende hao wa mtumbwini. Wao wawili watangoja.

Wakakaa ukingoni, bega kwa bega. Deodata hakumwangalia usoni kwanza. Aliangalia mikono, akaihesabu vidole kama alivyofanya siku alipomzaa. Halafu akamuuliza kama kule walikuwa wanakula.

"Siku nyingine," Ildefonce alisema.

"Nyama?"

"Mara moja au mbili."

"Ya ng'ombe?"

"Ndiyo, mama. Ya ng'ombe."

Deodata alitoa kwenye kikapu muhogo wa kuchemsha aliomnunulia Domisiana, akamwekea kwenye viganja. Katikati ya mto Anatoli alikuwa amegeuza shingo kabisa, anawaangalia wao, anapiga kasia kinyumenyume kama kipofu, na abiria wote walikuwa wakimlalamikia kwa sauti moja aangalie mwamba.